Nukta za Kijani Chini ya Zulia

4 Februari

Kaka Nyundo,

Shikamoo. Usianze kunung'unika kwamba nakuandikia pale tu ninapokuwa na shida. Ningepiga simu, lakini tangu kugonga mabati kukumalize masikio, simu kwako ni pambo la mfukoni. Mara ya mwisho nilikwambia Mama kazidiwa, ukanijibu, "Asante, na huko pia." Meseji nazo husomi, eti herufi ndogo kama chawa. Basi barua.

Mama yuko vilevile. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nampeleka hospitali kusafishwa damu, kilomita arobaini kwenda, arobaini kurudi. Gari la kukodi linakuja likijisikia. Wiki iliyopita tulisubiri barabarani saa nzima, Mama amekalia ndoo, miguu imevimba kama mito. Nikasema liwalo na liwe, nanunua gari. Shemeji yako amekubali, na leseni ninayo tangu zamani, wewe ndiye uliyenifundisha.

Yako mawili yanauzwa hapa, yote madogo, na bei zake hazipishani, kwa hiyo bei tuiache. Ninachotaka kujua ni kimoja tu: tukigongwa, lipi litamrudisha Mama nyumbani?

Nimechukua karatasi ya kukatia patani nikapiga mstari katikati. Upande mmoja gari jeupe. Jipya kiasi, eabegi mbili, mifuko ya hewa ya dereva na ya abiria wa mbele, breki za ABS zisizofunga tairi, mikanda inavuta na kukaza vizuri. Halina mkwaruzo, linang'aa kama sahani ya wageni. Kasoro yake ni bata tu. Kwenye kioo cha nyuma kuna stika ya bata wa katuni, nusu imebanduka, kabaki na mguu mmoja.

Upande wa pili la bluu. Hilo ni zee, limelizidi jeupe miaka saba. Eabegi moja, ya dereva. ABS hakuna. Bampa limechubuka na mlango wa nyuma una kibonyeo kama limepigwa teke na ng'ombe. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, ana daftari la kila siku aliyolipeleka gereji, na anaapa halijapata ajali nyingine zaidi ya hicho kibonyeo. Nilipoligusa aliniangalia kama nimemshika mjukuu wake.

Nimefanya lile jaribio lako la taa. Nikawasha swichi, taa nyekundu ya eabegi ikawaka, nikapiga stata, ikazima. Yote mawili yamepasi. Kumbuka Mama atakaa mbele siku zote, nyuma goti halikunjiki.

Kwa hesabu ya karatasi yangu, jeupe limeshinda kwa mbali. Lakini mimi fundi wa nguo, bati nalijulia wapi? Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Sindano

*

10 Februari

Sindano mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimekaa.

Chukua la bluu.

Magari meupe yanachafuka, kila siku utakuwa na ndoo na sabuni. Halafu haya mapya mapya yana umeme mwingi, likiharibika huko kwenu nani atalijua? Mwalimu mwenye daftari ni mtu wa kuaminika. Kibonyeo si kitu, kibonyeo ni ukweli, unakiona. Mimi gari linalong'aa sana silipendi.

Hilo bata la stika, mguu uliobaki ni wa kulia au wa kushoto? Na kwenye kiti cha dereva, ubavuni, kuna tundu la sigara? Nauliza tu.

Kazi hapa ni nyingi. Bosi kaleta magari mengine matatu yaliyogongwa, tunayanyoosha. Wateja wanasifu, wanasema gari likitoka mkononi mwangu hata mwenyewe wa kwanza halijui. Zamani nilikuwa napenda kusikia hivyo.

Msalimie Mama. Chukua la bluu, Sindano. Usiniulize mengi.

Kaka yako,
Nyundo

*

17 Februari

Kaka Nyundo,

Shikamoo. Kaka yangu, sababu zako ni za mtu anayechagua kitambaa cha meza! Nimekuuliza nani atapona, unaniambia habari za sabuni. Nimemsomea Mama akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Huyu ana homa, au kagombana na mtu mweupe."

Mguu wa bata ni wa kushoto, na tundu la sigara lipo. Ulijuaje? Nilijiuliza sana, halafu nikapata jibu mwenyewe, tena jibu tamu. Ngoja nikusimulie.

Unajua mimi nguo yoyote kabla sijaisifia naigeuza ndani. Nje kila mtu anaweza kupiga pasi. Basi nikamwambia muuzaji, fungua buti. Akafungua. Nikainua zulia. Akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Nikamjibu, "Pindo." Na pale chini, kwenye kila bolti, nikaona nukta ya kijani.

Kaka, nilipiga kelele. Rangi ya kucha! Ile ile ya kijani niliyoikataa siku ya harusi yangu, nikasema siendi kuolewa na vidole vya mjusi. Wewe ukaiokota, ukasema utaitumia kazini, kwamba bolti uliyoikaza wewe itakuwa na alama ili usiirudie, na ili mtu akiuliza nani kakaza, ijulikane. Chupa ilipoisha ulinituma nikutafutie nyingine ya rangi hiyohiyo. Nani mwingine duniani anakaza bolti na kuzipaka kucha?

Muuzaji nikamuuliza, limetoka wapi? Akasema alilinunua kwenye gereji moja huko mbali, lilikuwa limechubuka kidogo likatengenezwa na fundi hodari. Nikasema moyoni, fundi hodari namjua, alikuwa anaogopa giza mpaka darasa la tano. Nikaelewa na kwa nini ulijifanya hulitaki. Unaona haya kujisifia. Tangu utotoni uko hivyo.

Nimelinunua siku ileile. Nilimwonyesha Mama nukta zile, nikamshika mkono akaziona kwa kidole. Akaingia mbele, akafunga mkanda, akasema, "Twende. Hili ni la nyumbani."

La bluu limechukuliwa na mkunga wa zahanati. Mwalimu alilia.

Asante, kaka. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuumwa, njia nzima sikuogopa.

Sindano

*

22 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Hongera kwa gari.

Naomba Mama akae nyuma. Mwekee mto, akunjue mguu kwenye kiti. Nyuma kuna hewa nzuri. Na wewe usiende mbio, na mkiweza msiende nalo kabla sijaja. Kuna kitu kidogo cha umeme nataka kukiangalia, si kikubwa, usimwambie mtu. Nikipata nafasi mwezi ujao nitakuja.

Mama akae nyuma. Nimeandika mara mbili ili usisahau.

Nyundo

*

1 Machi

Kaka,

Mama hataki nyuma. Anasikia kichefuchefu, na goti ndiyo kabisa. Nilimbembeleza, akaniuliza, "Kaka yako kasema kwa nini?"

Ijumaa tukitoka hospitali lori lilisimama ghafla mbele yetu. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Tulibakiza kama urefu wa futi yangu ya kupimia nguo. Mama alikuwa ameegemeza viganja vyake viwili kwenye dashibodi, pale palipoandikwa eabegi. Yeye akapapasa pale akasema, "Usiogope, hapa mwanangu kapashika."

Kwa kuwa ulisema kuna kitu kidogo cha umeme, Jumamosi nililipeleka kwa fundi umeme wa hapa. Alikaa nalo tangu asubuhi.

Nina swali moja. Ile ovaroli ya kaki niliyokushonea, yenye nyundo ndogo niliyoidarizi mfukoni, bado unaivaa?

Nijibu hilo tu.

Sindano

*

6 Machi

Sindano,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Niliona hilo kabla sijaona maneno mengine.

Ovaroli siivai. Iko ndani ya dashibodi ya gari lako, upande wa Mama. Unajua tayari, umeitoa wewe au kaitoa fundi umeme. Ulitaka tu kuona kama nitasema. Nasema, lakini nasema baada ya kuulizwa, na hilo litanikaa kooni. Sitajua kamwe kama ningesema bila ovaroli.

Gari lile lililetwa kwetu likivutwa. Pua yote imeingia ndani. Eabegi zote mbili zilikuwa zimeshafumuka, zinaning'inia. Eabegi ikifumuka imekufa, inawekwa mpya. Bosi akasema mpya hakuna, funika. Nikafunika. Stelingi nikaibandika kifuniko, nikaipiga msasa na rangi mpaka alama ikapotea. Dashibodi nikaiziba. Lakini ukiigonga ilikuwa inalia tupu, na mimi nikajua mnunuzi mjanja atagonga. Nikatafuta kitu cha kujaza. Ovaroli ilikuwa imechanika goti, iko msumarini. Nikaikunja vizuri, vile unavyokunja wewe, nikaiingiza. Nikagonga. Ikalia kama kawaida. Na nikafurahi, Sindano. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Nilisimama pale nikafurahia kazi yangu.

Taa ya eabegi nikaiunga na taa ya oili, ziwake pamoja, zizime pamoja injini ikiwaka. Jaribio nililokufundisha lilikuwa nusu. Taa iliyo nzima inazima yenyewe, ukiwa umewasha swichi tu, kabla hujapiga stata. Ya kwako inangoja stata. Ningekuandikia sentensi hiyo moja mwezi wa pili, ungekwenda kwa muuzaji, ungesubiri, ungeona, ungeondoka zako na gari la bluu. Sentensi moja! Nikakuandikia habari za sabuni. Kwa sababu ungeniuliza nimejuaje, na mimi nilitaka niendelee kuwa yule kaka wa nukta za kijani.

Bolti zimekazwa kweli. Mkono wangu haujawahi kuacha bolti imelegea. Nilikuwa najiambia hilo linatosha, kwamba mimi ni mwajiriwa, nimekaza vyangu, mengine ya Bosi. Na kwamba magari yanakwenda mbali, kwa watu nisiowajua. Niliyasema hayo kila mara. Watu nisiowajua. Kana kwamba hao hawana mama.

La bluu, na eabegi yake moja na kibonyeo chake, lilikuwa bora mara kumi kwa sababu ni zima. Nilijua nilipofika tu kwenye neno bata. Nilimkwangua bata yule kwa wembe nusu siku, nikashindwa.

Tangu juzi nikifumba macho naona viganja vya Mama pale. Alikuwa amekishika kitambaa chako, kimefungiwa humo na mimi.

Msipande tena gari lile. Kodi lingine, nitalipia mimi. Ukitaka usiniandikie tena, nitaelewa. Ila Mama usimwambie. Hapana. Mwambie. Uso sina, lakini mwambie.

Nyundo

*

14 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu Mama amesimama nyuma yangu.

Fundi umeme aliitoa ile ovaroli mbele ya watu. Kulikuwa na wanaume kama sita pale, wengine wanakunywa chai. Aliivuta polepole, mkono mmoja, halafu wa pili, kama anazalisha. Watu wakacheka sana. Halafu akaikunjua nikaona nyundo yangu ya uzi mwekundu mfukoni. Fundi akasema, "Aliyefanya hivi ni shetani." Wote wakaitikia. Niliogopa nisije nikasema ni nani. Nikaichukua nikaikunja nikaiweka kwapani, nikatembea mpaka nyumbani. Nimeona aibu yako mwili mzima, na sikuwa na pa kuivulia.

Niliandika barua mbili za kukutukana, nikazichana. Nikaandika ile ya swali. Nilijipa wiki mbili. Kama ungejibu kwamba ovaroli bado unaivaa, ningemwambia Mama kwamba huna anwani tena.

Barua yako nimemsomea yote. Nilidhani atalia. Aliomba ovaroli, akaomba beseni, akaifua mwenyewe akiwa amekaa kwenye kigoda, nami najua daktari kamkataza kuinama. Jana kaniagiza nilitie kiraka goti. Nimelitia. Iko kwenye bahasha hii, imepigwa pasi.

Alipomaliza kufua aliuliza, "Yako mangapi?" Nikamuuliza, mangapi nini? Akasema, "Hilo gari ni moja. Yeye kafanya kazi pale miaka tisa. Muulize yako mangapi."

Basi nakuuliza.

Gari jeupe liko uani, nimelifunika shuka. Shemeji yako anasema tuliuze. Nikamwambia, tumuuzie nani? Hospitali tunakwenda na yule wa kukodi, anachelewa vilevile, Mama anakalia ndoo vilevile. Na nikikaa pale barabarani, kila gari dogo likipita, naangalia kiti cha mbele. Nataka kulisimamisha niinue zulia.

Mimi nilikuwa na bahati, kaka, kwamba fundi aliyenidanganya ninamjua na ninajua pa kumwandikia. Walionunua hayo mengine hawajui. Wewe ndiye unayejua.

Andika. Na usiwaambie habari za sabuni.

Sindano

*

30 Machi

Kwa mwenye gari dogo la kijivu, milango mitano, lenye ufa mdogo kwenye taa ya nyuma ya kushoto,

Habari za leo. Wewe hunijui. Anwani yako nimeitoa kwenye kitabu cha mauzo cha gereji nilikokuwa nafanya kazi mpaka wiki iliyopita. Bosi hajui nimeinakili, na akijua atanishtaki, sawa.

Mimi ni fundi bodi. Tafadhali fungua buti la gari lako uinue zulia. Utaona nukta za rangi ya kijani kwenye bolti. Hizo ni zangu. Ukiziona, ujue barua hii ni ya kweli, na ujue ni gari lako hasa ninalolisema.

Gari lako lilipata ajali kubwa kabla hujalinunua. Uliambiwa limechubuka kidogo. Eabegi zake zilifumuka zote na hazikuwekwa nyingine. Washa swichi bila kupiga stata, uiangalie taa nyekundu ya eabegi. Kama ni nzima itazima yenyewe. Yako haitazima mpaka injini iwake, kwa sababu niliiunga na taa ya oili. Dashibodi ukiigonga upande wa abiria utasikia kitu kimejaa. Ni magunia mawili na kipande cha godoro. Mimi ndiye niliyeviweka. Hakuna aliyenishika mkono.

Mtu yeyote asikae mbele. Mtoto, mgonjwa, hata kwa safari ya hapo dukani tu. Na wewe usiliendeshe mpaka fundi mwingine alifungue, asiwe wa gereji yetu. Barua hii mwonyeshe. Mwonyeshe na polisi ukipenda, nimeisaini.

Yako magari kumi na manne. Moja lilikuwa la mdogo wangu. Alilinunua kwa sababu aliziona nukta hizi akaniamini, akamkalisha mama yetu mbele. Hapo ndipo nilipojua kusema. Ninyi kumi na watatu hamkuwa ndugu zangu, ndiyo maana nilinyamaza, na sina maneno mazuri ya kuliweka hilo.

Ukija kunitafuta, ulizia nyumba ya Nyundo, nyuma ya soko la mbao. Mlango uko wazi mchana wote. Sisikii vizuri, kwa hiyo usibishe hodi, ingia tu. Utanikuta nimevaa ovaroli ya kaki yenye kiraka gotini. Njoo na maneno yoyote uliyonayo, na uyaseme kwa sauti.

Nyundo
fundi bodi